Kura 49 kwa 35, na mkataba ukaanguka: kwa nini bunge hukataa amani iliyokwisha kusainiwa

Tarehe 19 Machi 1920, Seneti ya Marekani ilipiga kura ya mwisho kuhusu Mkataba wa Versailles, mkataba uliofunga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kuunda Shirikisho la Mataifa. Maseneta 49 waliunga mkono, 35 wakapinga, na mkataba ukaanguka. Katiba ya Marekani hutaka theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Kwa kura 84 zilizopigwa siku ile zilihitajika 56, zikapungua saba. La kushangaza zaidi ni nani waliopinga. Kati ya wale 35, 23 walitoka chama cha Democratic, chama cha Rais Woodrow Wilson mwenyewe, na walipinga kwa sababu Wilson aliwataka wapinge: mkataba ulikuwa umeambatanishwa masharti asiyoyakubali.

Tukisikia kwamba bunge limekataa mkataba wa amani, wengi wetu hudhani kwamba wabunge wanataka vita, au wamenunuliwa, au wanacheza siasa za vyama. Siasa za vyama zipo, tena tele. Lakini ukiifuatilia mikataba iliyoangukia bungeni, mara nyingi unakuta iliangushwa na watu waliotaka amani, ila hawakukubaliana ni nani atakayelipa gharama yake na ni nani mwenye haki ya kuahidi kwa niaba ya nchi.

Kutia saini na kuridhia

Mkataba wa kimataifa kwa kawaida hupita hatua mbili. Kwanza wajumbe wa serikali hujadiliana na kutia saini. Kisha mkataba hurudi nyumbani, na chombo kilichotajwa na katiba, mara nyingi bunge, huulizwa kama kinauridhia. Kwa mikataba mizito kama ya amani, saini peke yake haiifungi nchi. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba unatambua hatua hizo mbili, ingawa ibara yake ya 18 inaitaka nchi iliyosaini isifanye jambo la kuharibu shabaha ya mkataba wakati wa kusubiri.

Kwa nini kuwe na hatua ya pili? Zamani mfalme aliahidi na ahadi yake ikatosha, kwa kuwa nchi ilihesabiwa kuwa mali yake. Nchi zilipoanza kuongozwa kwa katiba, swali likazuka: ikiwa kodi haiwezi kuongezwa bila bunge, iweje mkataba unaogawa ardhi, unaotoza fidia au unaoahidi askari upitishwe na watu wachache waliojifungia ukumbini ughaibuni? Nchini Marekani, mkataba ulioridhiwa huwa sehemu ya sheria kuu ya nchi. Seneta anayeuhoji anafanya kazi aliyochaguliwa kuifanya. Nalisema hili mapema kwa sababu bunge lililokataa mkataba husimuliwa kama mtoto mkaidi aliyewaharibia wakubwa kazi yao, na masimulizi hayo yanatuzuia kuona kilichotokea. Kukataa ni jibu halali la swali lililoulizwa. Kama lingekuwa jibu lililokatazwa, kusingekuwa na haja ya kuuliza.

Ibara ya 10

Kilichougharimu Mkataba wa Versailles mjini Washington hakikuwa hasa masharti dhidi ya Ujerumani. Kilikuwa ibara ya 10 ya Hati ya Shirikisho la Mataifa, iliyowekwa ndani ya mkataba uleule. Ilisema wanachama wanaahidi kuheshimu na kulinda mipaka na uhuru wa wanachama wote dhidi ya uvamizi kutoka nje. Kwa Wilson huo ulikuwa moyo wa mpango mzima: mchokozi akijua dunia yote itamkabili, hataanza. Henry Cabot Lodge, kiongozi wa walio wengi katika Seneti na mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, aliona jambo jingine. Nchi ya mbali ikivamiwa, je, askari wa Marekani wanakwenda? Nani anaamua? Katiba imeipa Kongresi, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi kwa pamoja, peke yake mamlaka ya kutangaza vita. Mkataba ukishaahidi, Kongresi itabaki na nini cha kuamua?

Ahadi ni deni, na Lodge alitaka iandikwe kwamba Marekani haidaiwi kitu chini ya ibara ya 10 mpaka Kongresi yenyewe ipitishe uamuzi kwa kila tukio. Agosti 1919, Wilson alikutana na wanakamati katika Ikulu ya White House, akawaambia kwamba wajibu ule ni wa kimaadili na si wa kisheria. Jibu hilo lilimdhoofisha. Kama wajibu haubani kisheria, kulikuwa na ubaya gani kuliandika hilo waziwazi? Na kama unabana kwa njia yoyote ile, basi hofu ya Lodge ilikuwa na msingi.

Hii ndiyo sababu ninayoiona kubwa kuliko zote, katika nchi yoyote: bunge hukataa mkataba linapoona unalinyang'anya uamuzi ambao katiba imeliachia. Hata mbunge anayependa shabaha ya mkataba hupata kigugumizi hapo, maana anajua saini ya leo itawabana wabunge ambao bado hawajazaliwa.

Wengine walikuwa na sababu zao kabisa. George Norris wa Nebraska alikasirishwa na haki za Ujerumani katika Shandong, nchini China, kukabidhiwa Japani badala ya kurudishwa kwa Wachina wenyewe. Wapo waliosema Uingereza na makoloni yake yaliyojitawala watakuwa na kura sita katika Shirikisho huku Marekani ikiwa na moja. Wapiga kura wenye asili ya Ireland walitaka kujua kwa nini kujitawala kwa mataifa, jambo lililohubiriwa na Wilson, kuliishia pwani ya Uingereza. Na kulikuwa na kundi la maseneta zaidi ya kumi, wakiwemo William Borah wa Idaho na Hiram Johnson wa California, ambao hawakutaka mkataba huo kwa sura yoyote ile.

Angalia jinsi malalamiko haya yasivyofanana. Aliyeuona mkataba unaionea China na aliyeuona unaibana Marekani hawakuwa na itikadi moja. Lakini kura ya hapana haiulizi sababu. Mkataba wa amani ni kifurushi cha mambo mengi, na kila jambo lina watu wake wasiolipenda. Maadui hao wanaweza kujumlishwa hata kama hawasalimiani. Upande wa ndiyo hauna urahisi huo. Wote wanaounga mkono lazima waunge mkono maandishi yaleyale, neno kwa neno.

Siku moja, hapana mbili

Hilo lilionekana dhahiri tarehe 19 Novemba 1919. Lodge alikuwa amefungasha pingamizi zake katika masharti 14 yaliyoambatanishwa na azimio la kuridhia. Wilson alikuwa kitandani. Septemba alizunguka nchi kwa treni akiwahutubia wananchi, akaishiwa nguvu baada ya hotuba ya Pueblo, Colorado, na tarehe 2 Oktoba akapata kiharusi kikali. Wachache walioruhusiwa kumwona walipitia kwa mkewe, Edith. Kutoka chumbani humo ilitoka barua kwa Gilbert Hitchcock, kiongozi wa maseneta wa Democratic, ikisema kwamba azimio la Lodge haliuridhii mkataba bali linaubatilisha. Barua ilisomwa kwenye kikao cha chama asubuhi ile.

Kura ya kwanza ilikuwa ya mkataba pamoja na masharti ya Lodge: 39 ndiyo, 55 hapana. Wafuasi wa Wilson waliungana na akina Borah kuuangusha. Baadaye ikapigwa kura ya mkataba bila masharti: 38 ndiyo, 53 hapana. Safari hii ni watu wa Lodge walioungana na akina Borah. Borah na wenzake, waliokuwa wachache kuliko makundi yote, walishinda mara mbili kwa siku moja. Ukijumlisha maseneta waliokubali mkataba kwa sura hii au ile, walitosha kabisa kuupitisha. Waliugawana vipande viwili, na kila kipande kikakosa kura.

Lodge hakuwa malaika. Yeye na Wilson walichukiana waziwazi, na uchaguzi wa rais wa 1920 ulikuwa mlangoni. Mkataba ulipofika kwenye kamati yake, aliusoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, kwa wiki mbili, wakati mwingine chumba kikiwa karibu kitupu. Alihitaji muda ili shauku ya wananchi ipoe. Lakini mbinu kama hizo hufua dafu pale tu panapokuwa na pingamizi la kweli la kuliegemea, na Wilson alimpa Lodge pingamizi hilo tangu mwanzo. Uchaguzi wa Novemba 1918 ulikipa chama cha Republican, chama cha Lodge, wingi katika Seneti kwa viti 49 dhidi ya 47. Mwezi uliofuata Wilson alipanda meli kwenda Paris bila kumchukua seneta hata mmoja. Mrepublican pekee katika wajumbe wake watano alikuwa Henry White, mwanadiplomasia mstaafu. Machi 1919, maseneta na maseneta wateule 37, zaidi ya theluthi moja, walitia saini tamko kwamba hawatalikubali Shirikisho kwa sura ile. Hesabu ilikuwa mezani miezi minane kabla ya kura za Novemba. Kwa haki, Wilson alirudi Paris akapata marekebisho kadhaa, likiwemo la nchi kuweza kujitoa. Aligoma kwenye ibara ya 10, na aligoma kwa sababu aliamini kwamba ikilegezwa watu wangekufa tena kwa mamilioni. Siwezi kumcheka mtu aliyeamini hivyo.

Muda hubadilisha maana ya maandishi

Kuna mikataba ambayo ingepita kama ingepelekwa bungeni mapema. Mwaka 1950, Waziri Mkuu wa Ufaransa René Pleven alipendekeza jeshi la pamoja la Ulaya Magharibi, ili Ujerumani Magharibi ipate askari bila kupata jeshi lake yenyewe. Nchi sita zilisaini tarehe 27 Mei 1952. Serikali za Ufaransa, zilizokuwa zinaanguka moja baada ya nyingine, ziliogopa kuupeleka mkataba huo bungeni, zikausogeza mbele mwezi baada ya mwezi. Wakati huo Stalin akafa, vita vya Korea vikasimama, na vita vya Indochina vikamalizwa mezani Geneva. Hofu iliyouzaa mkataba ikapungua, ila kumbukumbu ya Wajerumani waliovaa sare haikupungua. Tarehe 30 Agosti 1954, wakomunisti na wazalendo waliomfuata Jenerali Charles de Gaulle, watu wasiopatana kwa lolote, waliungana kuuangusha kwa hoja ya utaratibu, kura 319 kwa 264, hata kabla kiini chake hakijajadiliwa. Miezi tisa baadaye Ujerumani Magharibi iliingia NATO, na jeshi lake likaundwa. Waliopinga walipata kilekile walichokikataa, tena bila vidhibiti walivyokuwa wameandaliwa.

Dublin: kiapo kuliko mpaka

Hoja za gharama na mamlaka hazitoshi kueleza kilichotokea Ireland. Tarehe 6 Desemba 1921, usiku wa manane, wajumbe wa Ireland walisaini mkataba na Uingereza mjini London, baada ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Lloyd George, kuwatishia vita wasiposaini. Hawakupewa nafasi ya kuwauliza wenzao waliobaki Dublin, akiwemo Rais Éamon de Valera. Mkataba uliipa Ireland serikali yake, bunge lake na jeshi lake, lakini ndani ya himaya ya Uingereza, na wabunge wangeapa kuwa waaminifu kwa Mfalme George V.

Mjadala wa bunge la Ireland, Dáil, ulianza tarehe 14 Desemba. Mtu anayetarajia wabunge wabishane kuhusu kugawanywa kwa kisiwa, kaskazini ikibaki chini ya Uingereza, atashangaa: jambo hilo, ambalo limeitesa Ireland karne nzima, liliguswa kidogo tu. Siku nyingi zilikwenda kwenye kiapo. Michael Collins, mmoja wa waliosaini, alisema mkataba haukuwa uhuru kamili bali uliwapa uhuru wa kuufikia uhuru huo. Kwa akili ya hesabu alikuwa sahihi, na miaka iliyofuata ilimthibitisha. Lakini mle ukumbini aliketi Mary MacSwiney, ambaye kaka yake Terence, meya wa Cork, alikufa gerezani Brixton mwaka 1920 akiwa amegoma kula. Aliketi Kathleen O'Callaghan, mjane wa meya wa zamani wa Limerick aliyeuawa kwa risasi Machi 1921. Aliketi Margaret Pearse, mama wa vijana wawili waliouawa kwa risasi za kikosi mwaka 1916. Wabunge wanawake walikuwa sita, na wote sita walipinga.

Ni rahisi kusema walitawaliwa na huzuni. Mimi naona walikuwa wanaeleza jambo ambalo wajadili mikataba hulisahau: vita vikishaua, wafu nao huwa na madai mezani, na walio hai ndio mawakili wao. Kiapo kwa mfalme kilikuwa maneno machache kwenye karatasi. Kwao kilikuwa kukana kile ambacho watu wao walikufia. Mkataba unaweza kugawa mapato na mipaka nusu kwa nusu, lakini kiapo huwezi kukigawa nusu.

Wakati wa mapumziko ya Krismasi wabunge walirudi majimboni, na huko walikuta mabaraza ya wilaya na vyama mbalimbali vikipitisha maazimio ya kuunga mkono. Watu walikuwa wamechoka. Tarehe 7 Januari 1922 mkataba ulipita kwa kura 64 dhidi ya 57. De Valera alijiuzulu urais. Juni mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Kwa hiyo kupita kwa mkataba bungeni nako si dawa, hasa ushindi ukiwa mwembamba na walioshindwa wakiwa na bunduki.

Argentina ilipitia njia kama hiyo ikanusurika. Mwishoni mwa 1978 nchi hiyo na Chile zilikaribia kupigana kwa sababu ya visiwa vitatu vidogo kwenye Mlangobahari wa Beagle: Picton, Lennox na Nueva. Papa alimtuma Kardinali Antonio Samoré kuwapatanisha, na hatimaye mkataba ulioiachia Chile visiwa hivyo ukasainiwa Vatican Novemba 1984. Rais Raúl Alfonsín alijua Seneti haiko mikononi mwake. Siku chache kabla ya kusaini aliitisha kura ya maoni isiyo na nguvu ya kisheria, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Hata hivyo, Machi 1985 Seneti iliridhia kwa kura 23 dhidi ya 22. Kura moja! Sidhani ingepatikana kama wananchi hawakuwa wamekwisha kusema lao. Uturuki na Armenia, kwa upande wao, zilisaini itifaki za kurejesha uhusiano mjini Zurich Oktoba 2009, na bunge hata moja halikupiga kura. Hakuna aliyesema hapana. Mwaka 2018 Armenia ilizitangaza kuwa batili.

Wanaolipa wasiokuwemo ukumbini

Mkataba wa Versailles uliendelea kuwepo bila Marekani. Ulikuwa umeanza kutumika tangu tarehe 10 Januari 1920, na Marekani ikafanya mkataba wake peke yake na Ujerumani Agosti 1921. Mzigo mzito ulianguka kwingine. Kule Paris, Wafaransa walitaka ardhi ya magharibi ya mto Rhine itengwe na Ujerumani. Waliliacha dai hilo kwa kuahidiwa kwamba Uingereza na Marekani zitawatetea wakishambuliwa, na ahadi hiyo iliandikwa katika mikataba miwili siku ileile ya Versailles. Ule wa Marekani haukupigiwa hata kura katika Seneti. Ule wa Uingereza ulikuwa na kifungu kwamba hautafanya kazi mpaka wa Marekani uridhiwe, kwa hiyo nao ukafa. Ufaransa ilikuwa imekwisha kulipa, na bidhaa haikuletwa.

Walioukumbuka mkasa huu walijipanga tofauti mwaka 1945. Katika wajumbe wa Marekani waliokwenda San Francisco kuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa waliwekwa Tom Connally, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti, na Arthur Vandenberg, Mrepublican wa Michigan. Ibara ya 43 ilisema wanachama watalipatia Baraza la Usalama askari kwa makubaliano maalumu, na kwamba kila makubaliano yataridhiwa na nchi husika kwa kufuata taratibu za katiba yake. Ni lilelile alilolidai Lodge, safari hii likiwa ndani ya maandishi yenyewe. Tarehe 28 Julai 1945 Seneti iliridhia kwa kura 89 dhidi ya 2. Makubaliano ya askari yalisubiriwa, mataifa makubwa yakashindwa kuafikiana, na mpaka leo hakuna nchi hata moja iliyowahi kuyatia saini.